Mwanangu ana miezi 22, maneno hayafiki kumi. Tusubiri au?

MamaNyau: Wakuu habari zenu. Nina mtoto wa kiume, miezi 22. Maneno yake hayazidi manane: mama, baba, "maii", "atu" ndiyo kiatu, na mnyama yeyote wa miguu minne ni "nyau", hata ng'ombe. Ila anaelewa. Jana nilimwambia akaniletee kiatu cha baba. Akapita vyangu vyote mlangoni, akarudi amekumbatia kimoja cha babake, kinakaribia kumwangusha. Wa wifi yangu wanalingana, yeye anasema "mama njoo", na wifi haachi kunikumbusha. Halafu mimi na mume wangu kila mtu anamsemesha lugha yake, watu wanasema tumemchanganya.

Kijiwe_1: Dada tulia. Wangu aliongea na miaka mitatu, sasa tunamwomba anyamaze.

SautiNaMaana: Kijiwe, wako alibahatika, usigawe subira isiyo na kipimo. Mimi kazi yangu ni watoto wenye shida za usemi. Mama, kwanza masikio yapimwe, tena kwa vifaa, siyo kumpigia makofi kisogoni. Mtoto anaweza kugeuka kwa kofi na bado asizipate s na f, maana ni sauti hafifu. Amewahi kuumwa sikio?

Pili, usihesabu maneno tu. Lugha ni sauti, maumbo ya maneno, mpangilio wa sentensi, maana, na namna ya kuitumia na watu, na havikui kwa mwendo mmoja. "Kiatu cha baba" aliyoielewa ni kitu pamoja na mwenyewe, si jambo dogo. Ng'ombe kuitwa nyau nako ni kawaida, neno moja analivuta lifunike wanyama wote. Kilichobaki nyuma ni kutamka. Kwa miaka miwili tunategemea kama maneno 50 na aanze kuunga mawili mawili, kwa hiyo mpeleke sasa. Anaonyesha vitu kwa kidole?

MamaNyau: Kidole mpaka kero! Sikio aliumwa mara mbili mwaka huu, sikuwahi kuhusisha.

SautiNaMaana: Basi wiki hii. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio hata maumivu yakiisha. Lugha mbili hazina kosa. Yale manane umehesabu ya lugha zenu zote mbili?

MamaNyau: Loo. Kiswahili tu. Nikiongeza ya lugha ya babake yanafika kumi na tano.

Mwl_Chekechea: Bado ni machache, lakini si manane tena. Nyongeza yangu: usimwambie "sema maji, maji!" Akisema "maii", wewe jibu "ehe, maji, maji ya kunywa?" kisha nyamaza umpe nafasi, hata ukiona kimya kirefu. Na ngeli zisikusumbue. Akija kusema "vilo viwili" badala ya kilo mbili, ujue kashika ki- na vi-. Wakubwa tulifanya hivyohivyo: kitabu kimetoka Kiarabu, ki- yake haikuwa kiambishi, tukazaa vitabu.

Kijiwe_1: Vilo 😂 mimi mpaka leo nasema vilo.

MamaNyau: Asanteni. Tumepata nafasi Alhamisi, nitaleta mrejesho. Wifi simwambii.