"Wapake nazi": ndivyo alivyoniambia mbele ya wateja

Wanajamvi, nimetoka sasa hivi dukani kwa muuza samaki wa mapambo, na jina lake silitaji kwa sababu kila mfuga samaki wa Mombasa anamjua. Nilimpelekea samaki wangu watano aina ya malaika katika mfuko wa nailoni, wamekufa, naye akacheka hadi akashika meza, kisha akaniambia: "Mzee wangu, wapake nazi."

Tangi langu ni la lita 600, na miezi yote ya masika nilitumia maji ya mvua. Yalipokwisha nikabadilisha lita 300 kwa maji ya mfereji wa ploti yetu, yatokayo kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Ya tangini yalikuwa pH 6.8, ya mfereji 8.2 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi). Ni yeye aliyeniuzia asidi ya kuishusha na kuniapia kwamba niimimine tangini moja kwa moja! Jioni kipimo kikasoma 6.5, alfajiri 7.8, na malaika mkubwa amelala ubavu chini ya pampu, matamvua yamefunguka, mekundu kama pilipili.

Hata mtoto wa chekechea angejua kwamba chokaa ya mwamba ule huimeza asidi na kuigeuza hewa ya ukaa, nayo ikishatoka majini pH hupanda tena, na inapopanda, uchafu wa samaki uliokuwa hauna madhara hugeuka amonia inayounguza. Maji hurekebishwa ndani ya pipa, siku moja kabla, pampu ya hewa ikifanya kazi, yakapimwa tena asubuhi. Hilo hakuniambia. Aliloniambia ni wapake nazi. Mfuko ungali mkononi mwangu, wateja wanatazama, wapake nazi!

Jibu 1: Pole, mzee, lakini nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja ni wewe uliyeimimina. Hatua moja ya pH ni tofauti ya asidi ya mara kumi, na wewe uliwapandisha zaidi ya hatua moja usiku mmoja.

Jibu 2: Huyo huyo aliniuzia mawe ya matumbawe kuwa pambo la tangi la maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi. Nilishusha pH miezi minne, mawe yakiipandisha, naye akiendelea kuniuzia asidi.

Jibu 3: Afadhali nyinyi mna mfereji. Huku Kisauni hautoi tone wiki ya tatu, nanunua maji ya mkokoteni, na kila mtungi una pH yake.

Jibu 4: Ndugu wa Kisauni, huyo wa mkokoteni hupita siku gani? Wetu ametutupa tangu Ijumaa.