Zeolaiti A inanigeukia sodalaiti, nakosea wapi?

Kinu_Pugu: Wakuu, natengeneza zeolaiti A (madini yenye vitundu vidogo sana) ya kulainishia maji kwa kaolini, ule udongo mweupe, ya Pugu. Nachoma 700°C kwa saa 2, natia kwenye kostiki soda gramu 200 kwa lita, nafunga kwenye chupa ya kioo, naiacha kwenye oveni 100°C usiku kucha. XRD (kipimo cha eksirei cha kutambua fuwele): kilele cha 7.2°, cha zeolaiti A, hakipo, vipo vya 14.1°, 24.5° na 31.8°. Unga haushiki kalsiamu.

Fuwele: Hiyo sodalaiti tupu, mkuu, madini ndugu ya zeolaiti A. Kuchoma uko sawa. Shida ni ukali wa kostiki na muda. A na sodalaiti zina uwiano uleule wa silikoni na alumini, na vizimba vya atomi zao ni vilevile. Kwenye A vizimba vimeachana, katikati panabaki ukumbi wenye milango ya angstromu 4 hivi. Kwenye sodalaiti vimebanana uso kwa uso, ukumbi haupo, kalsiamu itapita wapi? A hutangulia kwa kuwa hujengeka haraka, ila si imara. Ukiichelewesha kwenye kostiki kali na moto inayeyuka, kisha inajipanga upya kwa kubanana.

Shuka hadi gramu 120 kwa lita, mililita 15 kwa kila gramu ya metakaolini (kaolini iliyochomwa). Usiku kucha iache kwenye joto la chumba, hapo haina madhara. Asubuhi 90°C kwa saa 3 hadi 4, ukikoroga polepole. Chota sampuli kila saa, 14.1° ikianza kuchomoza, umeshachelewa. Ukitoa, mwagia maji baridi na uchuje papo hapo, maana ndani ya kostiki moto kazi bado inaendelea. Osha hadi pH ishuke chini ya 10.

Magadi_Juu: Chupa ya kioo iache kabisa. Kostiki inakula kioo, silika inaongezeka, utaletewa zeolaiti P, aina nyingine kabisa. Tumia polipropilini, na kifuniko kibane. Mvuke ukitoka kostiki inakolea.

Hata Ziwa Magadi ni hivyohivyo: erioniti, zeolaiti iliyotokana na majivu ya volkano, hugeuka analsimu, madini mengine. Tofauti kubwa ni muda.

Kinu_Pugu: Hii iliyokwishageuka hairudi?

Fuwele: Ndani ya kostiki hairudi, anza upya. Na ukiona 26.6° usishtuke, ni kwatzi ya mchanga wa Pugu. Tikisa kaolini kwenye maji, mchanga utuame, umimine maziwa ya juu kabla ya kuchoma.