Loewi alikwisha kuonyesha. Je, Bernard Katz aliongeza nini?

Mwanafunzi wa Upanga
Wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Ninasoma fiziolojia hapa Dar es Salaam, na nimepangiwa kuwasilisha mbele ya darasa kazi ya Bernard Katz, aliyepata Nobel ya mwaka 1970 pamoja na Ulf von Euler na Julius Axelrod. Kinachonitatiza ni hiki: ikiwa Otto Loewi alikwisha kuonyesha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali, na Henry Dale na wenzake wakaonyesha katika miaka ya 1930 kwamba ndivyo ilivyo hata kwenye misuli ya mifupa, Katz aliongeza nini? Kitabu chetu kinamtaja kwa mistari miwili, kisha kinarukia vifuko vya asetilikolini (kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli) kana kwamba mtu alichungulia tu kwenye hadubini akaviona.

Mzee wa Maabara
Marahaba. Nianze na hiyo kauli yako ya mwisho, kwa sababu mambo yalikwenda kinyume chake: umeme ulipimwa kwanza, picha za vifuko zikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale University College London, Katz na Paul Fatt walichomeka elektrodi ya kioo yenye ncha nyembamba mno ndani ya uzi wa msuli wa chura, karibu na pale neva inapokomea. Msuli ulikuwa umetulia na neva haikuguswa, lakini kwenye skrini vikawa vinazuka vijimstuko vya karibu nusu milivolti, hiki sasa, kingine baadaye kidogo, bila mpangilio wowote. Mtu mwenye haraka angelaumu waya. Wao waliisogeza elektrodi mbali na pale neva inapokutana na msuli, vijimstuko vikafifia. Wakatia kurare, sumu inayoizuia asetilikolini isifanye kazi msulini, vikanywea. Waya haujui kurare ni nini.

Kisha, mwaka 1954, Katz na José del Castillo walipunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu katika maji yanayouzunguka msuli, hata neva ilipochochewa jibu likawa dogo sana. Mara nyingine halikuja kabisa. Mara nyingine lililingana na kijimstuko kimoja, au viwili, au vitatu. Mangi wa dukani hakukadirii mafuta ya kula kwa jicho, bali huchota kwa kipimo, na ukubwa wa chupa unayotoka nayo hutegemea amechota mara ngapi. Neva nayo huchota hivyo hivyo. Kwa hesabu ya Poisson, inayokadiria matukio yanayozuka kwa bahati, waliweza hata kukisia ni mara ngapi neva ingechochewa bila jibu lolote kutokea, na makisio hayo yakakubaliana na kilichohesabiwa. Loewi alituambia kwamba kuna kemikali. Katz alituambia inatolewaje. Picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha vifuko kwenye ncha za neva zilitokea mwaka 1954 na 1955, na hapo kila kipimo kikapata chombo chake.

Mama wa Kigamboni
Mwanangu, usiyaache maisha yake nje ya wasilisho. Alizaliwa Leipzig mwaka 1911 katika familia ya Kiyahudi, akaondoka Ujerumani mwaka 1935 na kupokewa London na mwanafiziolojia A. V. Hill. Mwaka 1939 alikwenda Sydney kufanya kazi na John Eccles, ambaye wakati huo bado alikuwa akishikilia kwamba ujumbe huvuka kwa umeme, na wakati wa vita akawa ofisa wa rada katika jeshi la anga la Australia. Maoni yangu tu: aliyekesha akitenganisha ishara na kelele kwenye skrini ya rada hakushindwa kuzitenganisha kwenye msuli wa chura.

Kabla ya vyura hao alifanya kazi na Alan Hodgkin juu ya neva nene ya ngisi. Makala yao ya mwaka 1949 ilionyesha kwamba mpigo wa neva hutegemea sodiamu ya nje ya seli. Nunua ngisi kwenye soko la samaki la Feri, umpasue kwa urefu, kisha utazame ukuta wa mwili kwa ndani, upande wa kichwani: utaona kifundo kidogo kila upande, na nyuzi nyeupe, ndizo neva zenyewe, zikitawanyika kama vidole.

Daktari wa Zamu
Naongeza mawili. Kwanza, ukimtukuza Katz usimsahau Ricardo Miledi, ambaye katika miaka ya 1960 walionyesha pamoja kwamba kalsiamu inayoingia kwenye ncha ya neva ndiyo inayofungulia kemikali. Baadaye wawili hao walikadiria umeme wa mlango mmoja wa asetilikolini, yaani tundu la utando wa msuli linalofunguliwa na kemikali hiyo, kwa kuchambua mtetemo mdogo tu wa volti. Bert Sakmann alipitia maabara hiyo. Mwaka 1976 yeye na Erwin Neher wakapima mlango mmoja waziwazi, wakapata Nobel mwaka 1991.

Pili, haya si ya vitabuni tu. Mgonjwa aliyekunywa dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti huletwa akitokwa na udenda, misuli ikichezacheza, kwa sababu asetilikolini inatoka kama kawaida ila hakuna cha kuivunja. Sumu ya koboko nayo ina viambato vinavyoifanya neva imwage asetilikolini kupita kiasi, na vingine vinavyoziba milango yake msulini.

Mwanafunzi wa Upanga
Nashukuru sana, wakubwa wangu. Nitaanza na vijimstuko, si na Nobel. Kesho alfajiri napita Feri. Mama, je, ngisi aliyelala kwenye barafu atafaa, au nimsubiri wa mtumbwini?

Mama wa Kigamboni
Wa barafu atafaa kwa kutazama. Usimkubalie muuzaji akusafishie.