Tende ametoka "mbebaji" wa ugonjwa wa figo. Nimpandishe au niache?

TendeNaMimi (Reading)

Hamjambo wenzangu. Najua humu tumezoea kuulizana habari za kupe na chakula, ila mimi leo nina jambo la karatasi.

Nina mbwa jike, Cocker Spaniel wa Kiingereza, rangi ya tende iliyoiva, ndiyo asili ya jina lake, Tende. Ana miaka mitatu na ukoo wake umeandikwa hadi kwa vilembwe. Mimi mzaliwa wa Voi. Mbwa niliyekua naye alilinda mbuzi na cheti chake kilikuwa kubweka, kwa hiyo haya ya kupima jeni nimeyakuta ukubwani.

Nilitaka Tende azae mara moja tu. Mwenzangu wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee akanikataza kabisa mpaka nimpime FN, ule ugonjwa wa figo wa kurithi. Nikaagiza kipimo, pauni 50 na kitu. Vijiti vya pamba vinakuja kwa posta, unamsugua ndani ya shavu, unaviacha vikauke, unarudisha. Kimoja alikitafuna chote, ikabidi niombe kingine.

Jibu limekuja Jumanne: mbebaji. Sikulala. Anakula, anakimbia, mkojo wake hauna neno. Je, atakuja kuugua? Nimfunge kizazi yaishe? Na mwenye dume ninayemtaka anasema mbwa wake "ana vyeti vyote vya DNA". Hiyo inatosha?

Mama nilipomweleza kwa simu alicheka hadi akakohoa. "Mbwa ana cheti cha figo, na binamu yako mpaka leo hana cha kuzaliwa."

Nesi_wa_Wanyama (Birmingham)

Dada, tulia. Mbebaji hataugua ugonjwa huu. Jeni yenyewe inaitwa COL4A4 na kila mbwa ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Tende moja ni nzima na moja ni mbovu, na ile nzima inatosha kufanya kazi. Kazi yake ni kutengeneza kolajeni inayoshikilia kuta za vichujio vya figo. Mbwa aliyerithi nakala mbovu pande zote mbili, kuta hizo zinaharibika mapema, na protini inavuja kuingia kwenye mkojo kama majani ya chai kwenye chujio lililotoboka. Hitilafu yenyewe ilitambuliwa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani. Kabla ya hapo mfugaji alijua dume lake ni mbebaji siku anapozika watoto.

Seli mundu unaijua, hesabu ni ile ile. Mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mbebaji kwa mbwa safi, yaani asiye na nakala mbovu, hakuna atakayeugua, ila kwa wastani nusu yao watakuwa kama mama yao, na wanunuzi ni lazima uwaambie. Usimfunge kizazi kwa sababu hii peke yake. Hawa mbwa wa karatasi tayari wanaoana ndugu kwa ndugu. Tukimtupa kila mbebaji ukoo utabanwa zaidi, na tutaleta ugonjwa mwingine ambao hata kipimo hauna.

Kuhusu "vyeti vyote": aone haya. Mwambie akutumie picha, usome jina la ugonjwa. Na akikwambia hajapima kwa kuwa wazazi wake walikuwa safi, The Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbwa, huikubali hadhi hiyo ya kurithi kwa vizazi viwili tu, kisha kipimo kinarudiwa.

MtuWaKondoa (Leeds)

Mimi jeni sizijui, namjua Kaniki. Cocker mweusi tii, nilimchukua akiwa na wiki nane. Alipofika miezi tisa akaanza kunywa maji kupita kiasi, bakuli halikai. Anakojoa jikoni usiku, na mimi namgombeza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, namgombeza mgonjwa. Akakonda, mdomo ukanuka vibaya. Daktari akapima mkojo, protini imejaa. Tukapewa chakula maalumu na vidonge vya presha, tukaambiwa kweli: hii haiponi. Alifika umri wa miezi kumi na minne, basi.

Aliyeniuzia alikuwa ameniapia wazazi wote wazima. Nilimchukia sana. Baadaye nikaelewa kwamba hakusema uongo, walikuwa wazima kweli, wote wawili wabebaji.

BabaWanja (Nairobi)

Swali la pembeni. Nafuga German Shepherd, wamesajiliwa East Africa Kennel Club. Nikiagiza hivi vijiti vitanisaidia?

Nesi_wa_Wanyama (Birmingham)

Kaka, hapana. Kila aina ina kosa lake. Samoyed kosa liko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana madume hufa wangali wadogo huku majike wengi wakiendelea. German Shepherd jeni yao ni FLCN, na hapo nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa. Huwa ni vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa miguuni na kichwani, na uvimbe wa figo. Mara nyingi huonekana mbwa akishakuwa mtu mzima, pengine ameshazaa. Ukipima, agiza kipimo cha FLCN.

Ila kwa Nairobi mimi ningeanza na chanjo ya leptospira. Mkojo wa panya unaua figo za mbwa yeyote, awe na karatasi au hana, na kipimo cha DNA hakimkingi.

TendeNaMimi (Reading)

Asanteni. Kaka wa Kondoa, pole sana, nimemsomea mume wangu habari za Kaniki akatoka nje kimya.

Mwenye dume ametuma picha. Cheti ni kimoja, na ni cha prcd-PRA, yaani macho! Ni kweli mbwa wake yuko safi, lakini kwa upofu. Figo hakuzigusa kabisa. Nimemwambia kwa heshima, akanuna siku mbili, jana akaandika kwamba ameagiza kipimo. Tende anakaribia kuingia kwenye joto na majibu huenda yakachelewa. Yakichelewa tutangoja joto linalofuata, kama miezi sita hivi. Mama ameshauliza kama watoto watavalishwa vitambulisho.