Mashine ya kahawa imezima kabisa: tuifungue wenyewe, tumpe fundi wa mjini, tuipeleke Dar au tununue nyingine?

Bint Mbweni
Assalaam aleykum jamani. Naomba ushauri wa wanaojua, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Tuna mashine ya kahawa ile inayosaga buni yenyewe, ikapasha maji na kukutilia kikombeni kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ami yangu alituletea kutoka Muscat. Kibandiko cha nyuma kimeandikwa 220–240V, 50Hz, 1450W, na plagi yake ni ya miguu mitatu kama zetu. Juzi magharibi umeme ulikatika, ukarudi, ukapepesa, ukakatika tena, halafu ukatulia. Asubuhi tunabonyeza: hakuna taa, hakuna mlio. Soketi ni nzima, birika la umeme linachemsha hapo hapo.

Mume wangu ana mita ya kupimia umeme na bisibisi, anataka kuifungua. Kaka anasema apewe fundi wa redio na tivii Mlandege, hapa mjini Unguja. Shemeji yuko Dar, anataka tuipandishe boti aipeleke kwa wanaotengeneza mashine hizi. Mama anasema tutafute nyingine ya mtumba, la sivyo turudi kwenye dele letu la kahawa. Nyinyi mngefanya lipi?

Fundi Mkunazini
Waaleykum salaam bibie. Usianze na bei. Anza kujua umeme unaishia wapi. Mashine iliyokatika waya na iliyoungua bodi, kile kibao cha ndani chenye vidude vya umeme, kwa nje zinafanana, lakini gharama zake ni mbingu na ardhi.

Yako imezima kabisa, na hiyo ni nafuu. Inayowaka taa ikakataa kutoa kahawa ina mambo mengi: pampu, kihisi cha joto, mota ya kusagia, ile sehemu inayoshindilia unga. Iliyozima kabisa ina njia moja ya kufuata, kutoka ukutani mpaka kwenye bodi.

Mwambie bwana achomoe plagi, aiache ipoe na itulie. Volti 230 za ukutani zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu zinafika kama 325, na kapasita kubwa ya bodi, kidude kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Aipime kwanza kwa mita, ndipo atie mkono.

Afungue plagi. Plagi zetu zina fyuzi ndani, na watu huisahau. Kwa wati 1450 mashine inakula kama ampea 6.3, kwa hiyo mtu akiwa alitia fyuzi ya 3 au ya 5 hapo hapo ndipo ilipokufa. Kisha apime waya, kila mguu wa plagi mpaka mwisho wake ndani, huku akiukunja pale unapoingilia mashineni, maana hapo ndipo unapokatikia. Kisha swichi kuu. Kisha fyuzi za joto: vidude vidogo vyenye mkia huku na huku, vimevikwa bomba jeupe la nguo na kubanwa kwenye hita. Zikiwa nzima mita inalia. Kuna mashine fyuzi hizi ziko njia kuu, ikikatika moja kila kitu kinazima. Kuna nyingine ziko njia ya hita tu, taa zinawaka ila maji hayachemki.

Asipime miguu miwili ya plagi, akaona mita kimya, akasema hita imekufa. Mashine hizi hita inawashwa na bodi, kutokea nje huioni. Aichomoe waya aipime yenyewe: kwa wati hizo inasoma omu (kipimo cha ukinzani, yaani kitu kinavyouzuia umeme) 36 mpaka 40 hivi, na baina ya hita na bati lake mita isionyeshe kitu. Ikionyesha, asiiwashe tena.

Mwalimu wa Wete
Naunga mkono kufungua nyumbani, na nasema kama mtu wa Pemba. Huku kwetu kuipeleka kwa wakala ni meli mpaka Unguja, halafu boti mpaka Dar, na kurudi vile vile. Mashine yenyewe ina kilo kama kumi na mwili wa plastiki. Ya jirani yangu ilikwenda na tatizo la umeme ikarudi imepona umeme, tangi la maji limepasuka.

Jengine ambalo fundi hakuligusa ni hewa ya bahari. Vile vichwa vya waya vinavyochomekwa kwenye swichi na kwenye hita hufanya kutu ya kijani. Kutu inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, na mwisho kichwa kinaungua na plastiki yake inakuwa ya kahawia. Ya kwetu ilizima namna hiyo. Waya ulionekana umekaa vizuri, nilipouvuta kidogo ukatoka wenyewe, na ncha yake nyeusi. Tukakata ncha, tukabana kichwa kipya, tukapiga msasa ulimi wa swichi, mashine ikawaka. Kila kichwa kivutwe kimoja kimoja. Kwa macho peke yake hutaona.

Mama Bububu
Mimi ningenunua nyingine, nisijisumbue. Mitumba ya Dubai imejaa, na mashine ikishafunguliwa haiwi ile tena.

Fundi Mkunazini
Mama Bububu, ikifunguliwa kwa utaratibu inarudi vile vile. Na mtumba una shida yake: hujui umekunywa maji gani wala umekaa bila kusafishwa muda gani. Tena asome kibandiko kabla ya kutoa pesa. Za Dubai na Oman zinakuja na umeme kama wetu na plagi kama yetu. Lakini soko letu linapokea pia vitu kutoka Marekani, na huko ni volti 120. Ukiichomeka hapa moja kwa moja bodi inaondoka, na transfoma ya kubeba wati 1450 ni zito na ghali. Muuzaji akikuwekea adapta ya plagi tu, adapta inabadilisha miguu, volti haigusi.

Jikoni Nungwi
Nafanya kazi jikoni hotelini, nimeona mashine zikienda Dar na kurudi, niseme haki ya upande huo. Ikiwa bado ina dhamana, na dhamana inatambulika Tanzania, ipelekwe bila kuguswa skrubu hata moja. Bibie, yako imenunuliwa Muscat, kwa hiyo uliza kwanza kwa simu. Pia ikivuja ndani kwenye boila, au ikihitaji kipuri cha kampuni tu, Dar ndiyo njia.

Kwa iliyozima kabisa nasita. Karakana nyingi hawahangaiki na kipande cha bodi, wanatoa bodi nzima na kutia nyingine, na bodi nzima inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine. Hapo fundi wa tivii wa Mlandege ana faida, kwa sababu yeye kazi yake ya kila siku ni kubadilisha kidude kimoja kilichoungua. Upungufu wake ni mambo ya maji: mipira, viungo, pampu. Usimpe kazi hiyo.

Na mkikuta fyuzi ya joto ndiyo iliyokatika, msifurahi haraka. Haikatiki bila sababu. Maji yetu yanapita kwenye jiwe la chokaa, na hita ikishajaa ukoko, au pampu ikishindwa kuleta maji, joto linapanda mpaka fyuzi inajitoa mhanga. Ukibadilisha fyuzi ukaacha ukoko, itakatika nyingine. Hotelini tunasafisha kwa unga wa ndimu uliokorogwa kwenye maji ya kawaida, vijiko vitatu vya kulia kwa lita, halafu tunapitisha maji matupu tangi zima. Siki siipendi, inaacha harufu na si rafiki wa mipira ya ndani.

Fundi Mkunazini
Jikoni Nungwi kasema kweli. Niongeze tu: fyuzi ya joto haiungwi kwa risasi ya kulehemu. Joto la chuma cha kulehemu linaikata kabla hujaiwasha. Inabanwa kwa kibano, na joto lililoandikwa mgongoni mwake lazima liwe lile lile la mwanzo. Bei yake haifiki kilo ya sukari, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiruka kwa kipande cha waya. Anayeiruka anaweka moto jikoni kwa mwenzake.

Bint Mbweni
Ahsanteni sana. Mume wangu amefungua jana baada ya isha. Fyuzi ya plagi nzima, waya mzima, swichi nzima, vichwa vyote amevivuta na vimeshika. Fyuzi za joto mbili, zote zinalia. Hita imesoma omu 37 na kwenye bati hakuna kitu.

Kwenye bodi ndipo tulipokuta jambo. Pale umeme unapoingilia kuna kidude cha buluu, duara na bapa, kimepasuka katikati na kimepaka masizi pembeni yake. Karibu yake fyuzi ndogo ya kioo, ndani imekuwa nyeusi tii. Picha nimeziweka. Sasa hiyo ni ya kutupa bodi?

Fundi Mkunazini
Mashaallah, kazi safi. Hapana, usitupe. Hicho cha buluu ni varista. Kazi yake ni kukaa kimya volti ikiwa ya kawaida, na volti ikipanda ghafla inaufungulia umeme njia ya mkato ili fyuzi ikatike na vilivyo nyuma vipone. Umeme ulivyorudi ukipepesa, imekufa ikilinda bodi. Kwenye picha naona 14D431, yaani kipenyo milimita 14 na kiwango cha volti 275. Atie hiyo hiyo. Fyuzi pia isome maandishi ya kwenye kofia yake ya chuma. Ikiwa na herufi T mbele ya namba ni ya kuchelewa, usitie ya haraka.

Fyuzi ikiwa nyeusi tii namna hiyo ujue ulipita umeme mwingi kwa mpigo. Kwa hiyo varista peke yake huenda isitoshe. Apime na daiodi zinazofuata, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na ile aisii (chipu) ndogo inayotengeneza umeme mdogo wa bodi, mashine nyingi hutumia LNK304 au LNK306, pamoja na rezista, kidude cha kupunguza umeme, iliyo mbele yake.

Mwalimu wa Wete
Basi hapa njia mbili zinakutana. Kama bwana hana mkono wa kulehemu, msiibebe mashine. Toeni bodi peke yake, ifungwe kwenye mfuko mkavu, iende Mlandege kwapani. Kabla ya kuchomoa waya wowote pigeni picha na kubandika namba kwenye kila kichwa.

Bint Mbweni
Hivyo ndivyo tutakavyofanya inshaallah, kesho kaka anapita mjini. Na ikipona, tukiweka ile fridge guard ya friji letu itatosha?

Jikoni Nungwi
Angalia ampea zake. Nyingi za friji zimeandikwa 5A, na mashine yako inakula zaidi ya 6. Tafuta ya 13A. Faida yake ni kwamba umeme ukirudi inasubiri utulie ndipo iufungue. Usiku chomoeni tu.

Mama Bububu
Bibie, nimefuata mazungumzo yote na nimebadilisha mawazo. Bodi iende kwa fundi. Na mama asiliuze dele, kahawa ya tangawizi mashine haijui kupika.

Fundi Mkunazini
La mwisho kwa kaka yako: mwambie fundi wa Mlandege asiijaribu bodi moja kwa moja kwenye umeme. Aunge balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, kwa mfululizo na waya wa moto. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti mbele na arudi kwenye daiodi na aisii. Ikimulika mara moja ikafifia, bodi inapumua. Mkiirudisha nyumbani msitumie balbu hiyo kupikia kahawa, hita ikianza balbu itawaka tu na maji hayatapata moto. Jazeni tangi, hakikisheni waya wa ardhi umerudi kwenye bati lake, ndipo muichomeke ukutani. Nitumie picha ya upande wa chini wa bodi kabla haijakwenda, nitazame njia za shaba kama hakuna iliyoungua.