Naomba ushauri: protini inanasa kwenye mishipa ya ubongo

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu protini tunayoiunda maabara ili ifikishe kimeng'enya ndani ya ubongo kupitia kipokezi cha transferini (protini inayobeba madini ya chuma kwenye damu), njia ileile inayotumiwa na pabinafusp alfa, dawa ya ugonjwa wa Hunter (ugonjwa wa kurithi wa kukosa kimeng'enya) iliyoidhinishwa Japani mwaka 2021. Kingamwili iliyo sehemu ya protini yetu hukishika kipokezi kwa nguvu mno, na tunapopima ubongo wa panya waliopandikizwa jeni ya kipokezi cha binadamu, tunakuta sehemu kubwa imebaki kwenye kuta za kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu), huku nyingine ikiishia kwenye lisosomu (vifuko vya kuvunjia taka ndani ya seli) na kuvunjwavunjwa.

Tumebadilisha asidi amino kadhaa ili kulegeza mshiko, na hali imepata nafuu kidogo, lakini sasa dozi ndogo haifikishi chochote cha maana. Retikulositi (seli changa nyekundu za damu) nazo zimepungua, jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa seli hizo zina kipokezi hicho kwa wingi.

Je, ni afadhali kubakiza mkono mmoja tu wa kushika kipokezi kabla ya kulegeza mshiko zaidi? Na je, kuizima sehemu ya Fc (mkia wa kingamwili) isishikane na seli za kinga kunatosha kuzilinda retikulositi, au wenye uzoefu mmeona zikiendelea kupungua?