Pambo la samaki wawili wa kauri: ni kitu gani, na nikisafisheje?

MamaMakole
Habari za jioni wanajukwaa. Jirani yetu hapa Makole, mama mmoja wa Kihindi, amehamia kwa wanawe Kanada, na vitu vyake vingi amegawa. Mimi kaniachia pambo la kauri lililokaa kabatini kwake miaka nenda rudi. Ni samaki wawili wamesimama wima wakitazamana, chini yao kuna ua la rangi ya waridi, kisha kikonyo, kisha kitako cha duara. Urefu haufiki sentimeta 30. Dhahabu ya kwenye kitako imefifia, ncha ya pezi moja imemeguka (kipande ninacho), na chini kabisa kuna herufi 6 nyekundu za Kichina.

Vumbi la Dodoma mnalijua, limejaa kila mkunjo. Nataka kulirowesha kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, halafu pezi nilibandike kwa supagluu. Mwanangu anasema lilikuja na misafara ya zamani ya pembe za ndovu. Nani anaelewa mambo haya?

KijanaWaMpwapwa
Mwanao ana hoja, mama. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikatiza Ugogo, na hapa kwetu Mpwapwa palikuwa kituo. Kunduchi nako kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Usije ukaliuza kwa bei ya kutupa.

MzeeWaVigae
Mama Makole, nakuomba sana, usiliroweshe majini, na supagluu usiiguse.

Hilo pambo ni la altare ya Kibuddha. Samaki wawili ni moja ya alama nane za heri. Nyingine ni gurudumu, baragumu la kombe la baharini, mwavuli, bendera ya ushindi, ua la yungiyungi, chungu cha hazina, na fundo lisilo na mwanzo wala mwisho. Zilipangwa nane kwa pamoja mbele ya sanamu, kila moja juu ya ua lake la yungiyungi, kama hilo lako. Asili ya alama hizi ni India. Samaki hao huhusishwa na mito ya Ganges na Yamuna, na kwa Mbuddha wanamaanisha mtu aliyevuka bahari ya mateso bila hofu ya kuzama. Kwa hiyo hata ukiliweka sebuleni, lipe heshima yake.

Seti za namna hiyo zilichomwa kwa wingi Jingdezhen, jimbo la Jiangxi huko China, wakati wa mfalme Qianlong (1736 hadi 1795). Yeye aliufuata na kuufadhili Ubuddha wa Kitibeti, na mwaka 1744 jumba la Yonghegong mjini Beijing, alikokuwa akiishi baba yake kabla ya kutawala, liligeuzwa kuwa hekalu. Hata hiyo rangi ya waridi imetengenezwa kwa dhahabu halisi. Mimi nikiitazama huwa nasahau hata chai yangu.

Sasa tuwe wakweli. Herufi 6 za namna hiyo kwa kawaida hutaja utawala wa mfalme, lakini si ushahidi wa umri. Jina la Qianlong liliendelea kuandikwa kwenye vyombo vya karne ya 19 na ya 20, na lako linaweza kuwa la huko. Neno "China" likiwa limepigwa muhuri kwa herufi zetu, ujue ni la baada ya 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zinazoingia kwake zitaje nchi zilikotoka. Lisipokuwapo, bado hujathibitisha lolote.

Kijana wa Mpwapwa, za Kunduchi na Kilwa ni bakuli na sahani, bidhaa za biashara. Mapambo ya altare yalitengenezwa kwa ajili ya mahekalu na majumba. Hili ningedhani lilifika ndani ya masanduku ya familia fulani, si kwa misafara.

Kuhusu usafi: dhahabu na rangi hizo zimewekwa juu ya glezi (ile ngozi ya kung'aa ya kauri) na kuchomwa mara ya pili kwa moto mdogo, ndiyo maana sabuni na kusugua huziondoa. Maji yetu ya Dodoma nayo yana chumvi, yakiingia penye ufa yanaacha ukoko mweupe. Tumia brashi laini ya rangi, ikiwa kavu, na fanya kazi juu ya taulo. Kipande cha pezi kifunge kwenye karatasi laini, kikae kwenye kisanduku. Watunzaji wa makumbusho hutumia gundi inayoweza kuondolewa baadaye, na supagluu siyo.

Halafu wakati wa usiku limulike petali kwa tochi ya simu, uniambie unaona nini.

MamaMakole
Shikamoo mzee, na asante. Mwanga unapenya kwenye petali, naona kivuli cha kidole changu. "China" hakuna. Jirani nimempigia: anasema baba mkwe wake alilinunua Nairobi kwenye mnada wa vyombo vya nyumbani, na lilikuwa peke yake.

MzeeWaVigae
Marahaba. Mwanga ukipenya hivyo ni kauri ya kweli, umri bado. Andika aliyokueleza jirani, weka tarehe na jina la aliyenunua, ukipige picha kitako mchana bila flashi, pale pasipo glezi paonekane vizuri. Ukipata safari ya Dar, peleka picha kwanza Makumbusho ya Taifa. Pambo lenyewe libaki nyumbani, barabara haina huruma na mapezi.

KijanaWaMpwapwa
Nimeelewa, mzee. Mama, hizo picha zitundike na hapa.